MPENI KIJANA KAZI NZIMA



Vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanamaliza masomo wakijua majina ya vyombo, lakini mikono yao haijavishika. Kijana akienda kwa fundi, anatumwa tu: leta nyundo, shika hapa, fagia. Mwaka unapita, naye hajui kazi inaanzia wapi na inaishia wapi. Akichoka, rafiki wanamwita kwenye mashimo ya kuchimba madini, ambako udongo unaanguka na kufunika watu.

Sisi tunasema: mpeni kijana kazi nzima. Iwe ndogo, lakini nzima. Kwa mfano, vijana watatu watengeneze mlango wa chuma wa lupango. Kwanza wapime na kuchora. Kisha wahesabu bei ya vyuma na rangi, wagawane kazi, na kuisimamia hadi mwisho. Mlango usipofunga vizuri, watafute wenyewe kipimo walichokosea, fundi akiwa karibu. Hapo ndipo hesabu ya shule inakuwa ufundi.

Lakini usalama usingoje mwisho. Kwenye karatasi ile ile ya mchoro, waandike hatari ya kila hatua na kinga yake:

— Kukata na kusugua chuma: cheche zinapofusha. Vaa miwani ya kazi.

— Kuunga chuma kwa umeme: mwanga wake unaunguza macho, na maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Anayeshika chuma naye avae kinga, si fundi peke yake.

— Umeme wa volti 220 unaua. Usitumie waya uliochunika, wala usifanye kazi penye maji.

Tena, tuangalie umri. Mwaka 2001 Kongo ilikubali mkataba wa kimataifa unaokataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Basi aliye mdogo apime, achore na kuhesabu. Moto na umeme vimngoje.

Baba, kijana anakutazama. Ukiunga chuma nyumbani bila kinga, umemfundisha hivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi. Atakayevaa miwani kwenye mlango wake wa kwanza, ataivaa hata siku mkubwa wa kazi hayupo.