GARI NA MWENYEWE: Kusafisha Injini Uani

Mwaka jana ukurasa huu ulikuwa wa matairi, na waliopiga simu baada ya hapo wengi wao walikuwa na ombi moja: vijana wanataka kuisafisha injini wenyewe hapa nyumbani, na wazee wao wanaogopa. Nawapa haki wote wawili. Kazi yenyewe si ngumu, wala haitaki mashine. Lakini iko dawa moja ya kusafishia tuliyokuja nayo kutoka kwetu, ambayo hapa Muscat ni hatari, na hiyo nataka niimalize kwanza kabla ya kufika kwenye sabuni.

Dawa hiyo ni mafuta ya taa. Sisi tuliokulia Unguja tuliwaona mafundi wetu na kopo la mafuta ya taa na brashi ya rangi iliyochakaa, na injini ikatoka inang'ara. Waliokuja huku baada ya 1970 walikuja na desturi yao, na mpaka leo wamo miongoni mwetu wenye dumu stoo, na wajukuu wanawatazama. Kuwa mafuta ya taa yanakata grisi, sibishi. Lakini yakifika joto la digrii 38 hivi yanatoa mvuke wa kutosha kushika moto kwa cheche moja. Unguja kivulini ni digrii 30, au 33 siku za kaskazi kali, kwa hivyo fundi wetu, maadamu injini imepoa, alikuwa chini ya mpaka huo bila ya kujua kama upo. Hapa mwezi wa Juni tunapita 40 kivulini, na boneti ya gari iliyolala juani haishikiki. Wala usiseme utangoja usiku. Quriyat, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mwezi wa Juni 2018 palikucha na joto halijashuka chini ya digrii 42.6. Mafuta ni yale yale. Nchi ndiyo nyengine.

Petroli ni mbaya zaidi. Hiyo inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini chini. Sasa tazameni nyumba zetu. Nyingi zina jiko la nje, na mtungi wa gesi uko hatua chache na pahala pa gari. Mama anakaanga samaki, kijana anapiga brashi kwa petroli, na baina yao hapana hata ukuta.

Basi tumeweka hayo pembeni. La pili la kuacha ni mashine ya maji ya nguvu. Najua inapendeza kutazama, na wenye haraka huipenda. Lakini magari ya siku hizi yana kompyuta, vihisi na plagi za waya kila pembe, na maji yakisukumwa kwa nguvu hupenya penye mpira uliokwisha kukauka kwa joto letu. Gari haisimami siku ile. Husimama wiki ya pili, na fundi hajui aanzie wapi.

Atauliza mtu: kwa nini kujisumbua, na boneti inafunika kila kitu? Mimi nasafisha ili nione. Injini iliyofunikwa na vumbi lililoshikana na oili haionyeshi mpira wa rejeta uliopasuka kidogo, wala mkanda wa feni uliochanika, wala oili inapotoka. Na sisi ni watu wa safari. Sikukuu tunakwenda Nizwa na vijiji vya wazee, na wakati wa kharif tunapakia watoto na vikapu kwenda Salalah, kilomita elfu moja, na kati ya Adam na Thumrait ni jangwa tupu ukiacha Haima na vituo vichache. Mpira ukipasuka huko saa saba mchana, na bibi mwenye sukari yumo garini, hapo ndipo utajua bei ya mpira.

Haya, kazi. Chagueni asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, gari ikiwa imelala usiku kucha. Mchana wa kiangazi uacheni kabisa. Serikali yenyewe hukataza kazi za juani kuanzia saa sita u nusu mpaka saa tisa u nusu, Juni hadi Agosti. Kabla ya lolote gongeni boneti mara mbili tatu, kwani paka wetu hulala ndani. Ufunguo upelekwe ndani ya nyumba, hasa kwa gari za kubonyeza kitufe. Fungueni waya wa betri, upande wa hasi kwanza, lakini someni kitabu cha gari kabla, maana nyengine hutaka kurekebishwa vioo na redio baadaye. Na ikiwa gari ni ya umeme, au nusu umeme nusu petroli, yenye nyaya nene za rangi ya chungwa, hiyo si ya kuosha uani. Futeni vumbi la juu kwa kitambaa kikavu, basi.

Vumbi la Muscat ni laini kama unga, na likikutana na maji huwa udongo wa kufinyangia. Kwa hivyo brashi kavu ndiyo inayoanza. Toeni majani yaliyojazana chini ya kioo cha mbele: wenye mwarubaini au mbogenvilia uani wanajua ninachosema. Majani hayo huziba njia ya maji ya mvua, na yakidondokea kwenye ekzosi yenye moto ni kuni. Kisha funikeni kwa mifuko ya plastiki na mipira altaneta, boksi la fyuzi, betri na mdomo wa kuvutia hewa. Hesabuni mifuko hiyo, muandike idadi.

Sasa sabuni ya vyombo ndani ya maji ya vuguvugu, brashi laini, na glavu mkononi. Sugueni kipande kimoja kimoja, msiache sabuni ikakauka. Suuzeni kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Penye grisi nyingi mimina maji kidogo kwa kopo, kama tulivyokuwa tukioga kwa kata. Kikombe kimoja cha maji hufanya kazi kubwa. Kifuniko cha rejeta kisiguswe ikiwa injini ina joto hata kidogo. Na yale maji ya rangi ya rejeta yakimwagika yafuteni papo hapo: ladha yake ni tamu, mtoto au paka huyalamba, na ni sumu ya kuua.

Tandikeni maboksi ya karatasi chini ya gari kabla ya kuanza, ili uchafu usikimbilie barabarani. Kinachoingia mtaroni hapa huishia wadini, na wadi ikishuka, huishia baharini. Wadi Aday inatokea Qurum kwenye mikoko, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa samaki wadogo wanakulia wapi.

Kausheni kwa kitambaa, muache boneti wazi saa nzima. Toeni mifuko na muihesabu tena, kwani mmoja ukibaki utavutwa na feni au utayeyukia kwenye ekzosi. Rudisheni betri, chanya kwanza, kisha hasi. Washeni, msikilize kwa dakika kumi.

Usiku huo wekeni boksi jeupe chini ya injini. Asubuhi litazameni: tone jeusi au la kahawia ni oili, la kijani au la waridi ni la rejeta, na maji matupu ni ya kiyoyozi, hayo msijali. Chukueni boksi hilo hilo mumpelekee fundi, msimueleze kwa mdomo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kiyoyozi.