Fasihi Simulizi Isiyosikika

Kila muhula, katika kozi ya fasihi simulizi, twaandika kwamba wimbo hukamilishwa na sauti, ala, hadhira na muktadha. Twapata alama zetu, kisha twafunga madaftari. Je, ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuishika ala yenyewe? Maoni yangu ni kwamba wimbo wa jadi hauhifadhiwi kwa maandishi wala kwa kanda, bali kwa vijana wanaoupiga.

Mfano uko karibu nasi. Mwaka 1950, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba “Chemirocha” kwa mlio wa chepkong, ala yao ya nyuzi. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimevuma hadi huko. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimgeuza kiumbe nusu mtu, nusu swara. Hawakuwa wakiilinda mila kama yai, walikuwa wakiitumia. Rekodi zikahifadhiwa Afrika Kusini, na ikapita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurejeshwa Kapkatet. Hilo ni jambo la heri, ila nakala haifundishi vidole.

Waayalandi waliohamia Marekani walilitambua hilo. Mwaka 1903, Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha kitabu chenye tuni 1,850 za kwao. Katika miaka ya 1920, Michael Coleman alirekodi fidla yake New York, na santuri zake zikavuka bahari kurudi Ayalandi kuwafunza wengine. Hata hivyo, kitabu na santuri havikutosha. Chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann, kilichoasisiwa mwaka 1951, kina matawi hadi Marekani, ambako vijana waliozaliwa ugenini hujifunza kwa waliowatangulia, hushindana, kisha huketi pamoja na kupiga pasipo mwamuzi.

Sisi nasi tunalo Tamasha la Muziki la Kenya tangu mwaka 1927, na limetenda mengi mema. Lakini aghalabu kombe likishatwaliwa, wimbo hufungiwa kabatini pamoja na njuga. Mashindano tunayo, kikao cha baada ya mashindano ndicho tulichokikosa.

Huenda mtu akauliza: chepkong inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Inamhusu kwa sababu hapa Eldoret, Kiswahili ndicho kinachomwezesha Mkalenjin kumfafanulia Mluhya au Mkikuyu wimbo wa nyanya yake, na kufafanuliwa wa mwenzake. Tukiwa watafiti wa nyimbo tusizozisikia, tutakuwa kama mpishi asiyeonja.

Napendekeza chama chetu kimwalike mzee mmoja mpigaji kila muhula, naye alipwe kama mwalimu, si kama kitumbuizo cha wageni. Wanafunzi wajifunze wimbo mmoja, waufasiri, kisha waruhusiwe kuutungia maneno mapya. Wapo watakaouita huo upotoshaji. Hao nawakumbusha wasichana wa Kapkatet.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Lakini ili atuzwe, sharti kwanza acheze.