Kobalti yetu inapungua ndani ya batri

Hapa kwetu Kivu utasikia mtu anasema: koltani yetu ndiyo inafanya batri za telefoni. Hapana. Koltani inatoa tantale, na ile inaingia mu vifaa vingine vidogo vya telefoni. Madini ya Congo yanayoingia mu batri yenyewe ni kobalti, na inatoka Lualaba na Haut-Katanga.

Upande wa chanya wa batri ya telefoni umetengenezwa na unga wa oksidi. Kobalti na oksijeni zimepangwa tabaka kwa tabaka, kama kurasa za kitabu. Ukitumia telefoni, litiumu inaingia kati ya kurasa, ukiisharji, inatoka. John Goodenough na wenzake waligundua hiyo mwaka 1980 kule Oxford, na Sony ikaanza kuuza batri hizo mwaka 1991.

Lakini ukitoa zaidi ya nusu hivi ya litiumu, kurasa zinaanza kuharibika. Tena kobalti ni ya bei kali. Kwa hiyo wataalamu wakachanganya nikeli, manganezi na kobalti, kila moja theluthi. Baadaye wakapandisha nikeli mpaka sehemu nane juu ya kumi, kobalti ikabaki sehemu moja tu. Nikeli nyingi inabeba umeme mwingi, ila unga wake unachoka haraka na ni rahisi kushika moto. Dawa yao ni kufunika kila punje na ngozi nyembamba ya oksidi nyingine, kwa mfano ya alumini.

Kuna aina nyingine isiyo na kobalti hata kidogo: ya chuma na fosfati. Kwa uzito ule ule inabeba umeme kidogo kuliko zile zingine, lakini ni ya bei nafuu, inadumu, na haishike moto upesi. Mwaka 2024 karibu nusu ya batri za magari ya umeme duniani zilikuwa za aina hiyo. Ukienda kununua batri ya sola, angalia kama imeandikwa LiFePO4. Ndiyo hiyo.

Sasa turudi kwa serikali yetu. Congo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia. Mwaka 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka karibu na 21,000. Februari 2025 Kinshasa ikafunga mauzo ya nje, halafu tangu tarehe 16 Oktoba ikaweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Bei ikapanda. Ilifaa kufanya kitu, hiyo siibishi. Lakini kila dola inayoongezeka inampa mwenye kiwanda kule China sababu nyingine ya kuchagua chuma na fosfati. Kampuni kubwa zinachimba kobalti pamoja na shaba, basi shaba inazisaidia kuvumilia. Mchimbaji wa mikono pale Kolwezi anayetegemea kobalti peke yake, yeye atavumilia na nini?

Litiumu inahitajika mu aina zote hizo, na sisi tunayo Manono, mu Tanganyika. Kesi za kugombania kibali zimekula miaka. Na tayari kuna kampuni za China zinazotengeneza batri za sodiumu, zisizo na litiumu.