Breki Isiyotolewa Upepo Haijatengenezwa

IMEKUWA desturi katika baadhi ya ofisi na shule kwamba gari likirudi kutoka kwa fundi, kinachotazamwa kwanza ni stakabadhi za spea. Mpira mpya wa breki umenunuliwa, silinda mpya imefungwa, hati imetiwa sahihi, na gari limepangiwa safari. Ikiwa kikanyagio cha breki kinazama, dereva huambiwa apige pampu mara mbili tatu, nazo breki zitashika. Desturi hii ni ya hatari na yafaa ikomeshwe.

Magari mengi madogo yanayowachukua watumishi wa umma husimama kwa nguvu ya mafuta ya breki. Dereva akanyagapo, mafuta hayo huifikisha nguvu ya mguu wake kwenye kila gurudumu. Kanuni hiyo, iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, walimu wa fizikia huifundisha kila mwaka. Lakini mpira au silinda ifunguliwapo, upepo huingia. Mafuta hayashindiliki kwa urahisi, bali upepo hushindilika. Hivyo mguu wa dereva huishia kuuminya upepo, na gari likaendelea kwenda.

Kikanyagio kinachopanda baada ya kupigwa pampu kisimtulize mtu. Hiyo ni dalili kwamba upepo ungalimo, au mafuta yanavuja, au breki hazikurekebishwa sawasawa. Mtoto anayekatiza barabara hasubiri mkanyago wa tatu.

Kutoa upepo hakuhitaji mitambo ya gharama. Mtu mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwenziwe hulegeza nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu, akiwa ameiunganisha kwa mpira mwembamba na chupa yenye mafuta ya breki. Mafuta hutoka pamoja na mapovu. Nati hukazwa kabla mguu haujaachia, la sivyo upepo hurudi ndani. Hurudiwa hivyo hadi mapovu yaishe, huku chombo cha mafuta kikijazwa kila mara kisikauke. Magurudumu hufuatwa kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Katika magari mengi huanzwa na lile lililo mbali zaidi na silinda kuu. Baadhi ya magari ya siku hizi yenye mfumo wa ABS huhitaji chombo maalumu, na hapo haifai kubahatisha.

Yakumbukwe pia mafuta yenyewe. Yaliyotoka yasirudishwe, wala oili ya injini isitumiwe badala yake, kwani huharibu mipira. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, breki hupata joto kali, na mafuta yaliyochoka yakichemka hutoa mvuke. Nao mvuke hushindilika kama upepo.

Lawama zote haziwezi kuachiwa fundi. Dereva anayo haki, tena anao wajibu, wa kukataa gari ambalo kikanyagio chake hakisimami imara kwa mkanyago mmoja, injini ikiwa inanguruma. Mkuu wa ofisi au wa shule naye asitie sahihi kwa kuwa tu spea zimeonekana kwenye hesabu. Aulize kama upepo umetolewa, na gari lijaribiwe uwanjani kwa mwendo mdogo kabla halijapakia abiria.

Stakabadhi huthibitisha kwamba fedha ya umma imetumika. Haithibitishi kwamba gari litasimama. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyolipiwa, na ndiyo inayopaswa kudaiwa.