Duka likiugua, wafanyakazi ndio wanaolazwa

Siku moja katikati ya mwezi alikuja kwangu mama mmoja wa miaka 38 akilalamikia maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa. Ni keshia katika supamaketi moja kubwa hapa Nairobi, kazi aliyoifanya kwa miaka 11. Nilimpima presha nikapata 168 kwa 104. Nikampumzisha na kumpima tena, lakini haikushuka. Nilipomwuliza kuhusu usingizi alicheka kidogo. "Daktari, mshahara wa mwezi uliopita haujaingia. Nitalalaje?"

Nilimwandikia dawa za aina mbili. Aliitazama karatasi, kisha akaniuliza ni ipi anayoweza kuiacha. Karatasi yake ya mshahara ilionyesha kwamba alikatwa pesa za bima ya afya kila mwezi, ila tulipochunguza tuligundua kuwa miezi kadhaa haikuwa imelipwa. Duka lilikuwa limekata na kukaa na pesa hizo.

Lakini hilo silo lililomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kuwa yeye na wenzake waliliona jambo hili likija. Walijua tangu siku ile lori la mkate lilipoacha kuja. Waliona unga ukitandazwa safu moja mbele ya rafu ili pengo lisionekane. Walimwambia meneja, naye akawajibu kwamba asiyeridhika aende. Mikutano ikawa ya kuwalaumu kwa uvivu na kuwatoza bidhaa zilizopotea, na jioni kila mmoja alipekuliwa mlangoni kama mwizi. Aliyesema sana alihamishwa tawi.

Nchi hii imeona hadithi kama hii zaidi ya mara moja. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, ilifunga milango Juni 2006, ikafunguliwa tena, na kufikia Oktoba 2015 ilikuwa ikifunga matawi yake Uganda na Tanzania. Nakumatt ilikuwa na matawi hapa nyumbani, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka wa 2017 rafu zake zilibaki wazi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ivunjwe. Mwaka huo huo, Tuskys nayo ikaanza kuporomoka.

Mwenendo wa ugonjwa huu haufichiki. Supamaketi huchukua bidhaa kwa mkopo na kuuza kwa pesa taslimu. Pesa hizo zikielekezwa kwingine, kama vile kufungua matawi mapya, anayeleta maziwa na sukari halipwi, naye huacha kuleta. Rafu zikibaki tupu wateja huhama, na mteja akihama mshahara huchelewa. Anayeona dalili ya kwanza si mkurugenzi bali ni kijana anayepanga rafu. Na huyo ndiye asiyeulizwa kitu.

Hapa ndipo mimi kama daktari ninapoingilia. Kuona hatari, kukosa uwezo wa kuizuia, na kunyamazishwa unapoitaja, si jambo la hasira tu. Huko Uingereza, watafiti walianza mwaka wa 1967 kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Wengi walitarajia kwamba wakubwa wenye majukumu mazito ndio wangekufa kwa moyo. Wapi! Wale wa vyeo vya chini kabisa walikufa kwa kasi ya karibu mara tatu ya wakubwa wao, na uvutaji wa sigara na presha havikutosha kueleza tofauti hiyo yote. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka wa 1985, ulionyesha kwamba mtu asiye na usemi juu ya kazi yake yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Najua wakubwa watakavyojibu. Watasema kwamba wakiwaambia wafanyakazi ukweli, habari zitatoka nje na biashara itakufa. Hoja hii haina mguu. Aliyekuletea bidhaa anajua hali yako kwa sababu hujamlipa. Mteja anajua kwa sababu ameiona rafu. Benki inajua. Anayefichwa ni mfanyakazi peke yake, ambaye angejua mapema angetafuta kazi nyingine, asingechukua mkopo wa karo, na pengine angekupa wazo la kuokoa duka. Mficha maradhi kilio humfichua.

Wala sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yataka mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena apewe ilani ya angalau mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Nayo bima ya afya ya SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Pesa hizo ni za mgonjwa, si za kulipia stima ya duka.

Na wewe msomaji uliye katika hali hii, nina machache ya kukuambia. Kwanza, pima presha hata kama huumwi, kwani wengi wenye presha hawahisi lolote. Ikipimwa siku tofauti na kubaki 140 kwa 90 au zaidi, hilo ni jambo la kutibiwa. Pili, usiache dawa kwa sababu mshahara umechelewa. Mwambie daktari wako ukweli, mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu. Tatu, acha kumeza diklofenaki na aspirini kila siku kwa ajili ya kichwa na mgongo. Dawa hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na hata kuipandisha presha. Nne, hakikisha kila mwezi kwamba michango yako ya bima imefika. Na usikae peke yako na jambo hili. Zungumza na wenzako na chama chenu cha wafanyakazi.

Yule mama alirudi baada ya wiki tano. Wenzake wa chama cha akiba walikuwa wamemchangia pesa za dawa zote mbili. Presha ilikuwa 146 kwa 92. Aliniambia kwamba hatimaye mkubwa mmoja aliwaita, akawaeleza wazi kwamba tawi lao litafungwa na ni lini watalipwa. Walilia. Usiku huo, akasema, alilala hadi asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Sidai kwamba habari zile ndizo zilizomteremsha presha, maana dawa alikuwa akimeza. Lakini usingizi ule sikumwandikia mimi. Ulitokana na maneno ya nusu saa ambayo mkubwa wake angeweza kuyasema miezi sita kabla, bila kutumia hata senti moja.