Ndege ya usiku, soko la asubui



Juma hili tunaongea na wenye kuwa na safari ya mbali: Dubai, Guangzhou, Bruxelles, ao kwa mutoto aliye Marekani. Tukinunua tikiti tunauliza bei tu. Tuulize pia saa ya kufika.

Mara yangu ya kwanza kwenda Guangzhou nilibeba feza za likelemba yetu, feza za wamama kumi na wawili. Ndege iliruka usiku Addis Abeba, ikatua Guangzhou muchana. Sikutaka kulipa hoteli siku za bure. Kesho yake, saa mbili za asubui, nilikuwa sokoni. Kwa mwili wangu ilikuwa saa nane za usiku. Nilihesabu viatu, nikatia sahihi. Kufungua mizigo huku Kasongo, nusu ilikuwa viatu vya watoto, na karatasi yenye nilitia sahihi ilisema hivyo hivyo. Hakuna aliyeniiba. Ni usingizi. Nililipa wenzangu mwaka muzima.

Mwili una saa yake, na mwangaza wa jua ndio unaisogeza, karibu saa moja kwa siku. Basi tuhesabu. Dubai iko mbele yetu kwa saa mbili, Guangzhou kwa saa sita. New York iko nyuma yetu kwa saa sita ao saba. Bruxelles ina saa yetu wakati wa joto lao, na wakati wa baridi inabaki nyuma kwa saa moja tu. Mwenye kwenda Bruxelles anakosa usingizi wa usiku mumoja, basi. Mwenye kwenda Guangzhou anahitaji karibu juma nzima ili mwili umufuate. Na kwenda upande wa jua linapotokea ni kugumu zaidi, juu unalazimisha mwili kulala wakati haujataka.

Kwa hiyo:

Tafuta ndege yenye kufika muchana ao jioni, si alfajiri. Ukifika, oga, kula kidogo, ngoja usiku ndipo ulale.

Guangzhou, siku za kwanza, kaa kwenye jua kuanzia saa sita za muchana. Asubui mapema baki kivulini. Marekani, tembea inje jioni.

Siku mbili za kwanza angalia bei tu. Nunua siku ya tatu, nyuma ya chakula cha muchana. Usiku mumoja wa hoteli hauna bei kama muzigo mubaya.

Sisi tunafika Kindu tukiwa tumechoka tayari na barabara. Lala kwa ndugu usiku mumoja mbele ya kuendelea.

Ndani ya ndege kunywa maji, acha kahawa na pombe, simama unyooshe miguu. Mwenye mimba, na mwenye dawa za presha ao za sukari, aulize munganga mbele ya kuondoka atameza saa ngapi. Dawa zikae katika mufuko wa mukononi.

La mwisho, lenye limekosesha wengi ndege. Tikiti ikiandika 00:30, tarehe 15, ni saa sita na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Ukienda jioni ya 15, ndege imekwenda jana yake usiku.

Mama mwenye safari mwezi huu, lete tikiti yako kwenye mukutano wetu. Tutaisoma pamoja, tarehe na saa, mbele ya kufunga muzigo.

Safari njema, na murudi salama.