Mwigizaji Naye ni Mfanyakazi
Sisi wa pwani ya Lindi, toka Rasbura hadi Kilwa, twajivunia Said Ngamba, mzaliwa wa Kilwa, aliyejulikana nchini kote kwa jina la Mzee Small. Kwa miaka mingi aliwachekesha watu kwa michezo ya kuigiza katika televisheni. Kisha aliugua kwa muda mrefu, akafariki Juni 2014.

Twauliza: je, kicheko alichotupa si jasho? Kuli wa bandarini hudai ujira wake, na uzeeni hudai akiba yake. Mwigizaji naye astahili mkataba ulioandikwa, na mchango katika mfuko wa hifadhi ya jamii kila alipwapo. Sifa za msibani hazitoshi. Mfanyakazi hutunzwa angali hai.